Kumfundisha mlezi kumlaza mtoto: kozi ya mjini, mkunga wa jirani, simu, au yaya mkongwe?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama mwajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata wiki 12, na anayefanya kazi hadi Jumamosi anapata 10. Wengi huianza likizo kabla ya kujifungua, kwa hiyo mtoto anapoletwa kituo cha kulelea watoto mara ya kwanza huwa na miezi miwili hivi, au miwili na nusu. Umri huo ndio ambao kifo cha ghafla cha usingizini, kile kinachomchukua mtoto aliyelazwa mzima, bila homa wala kikohozi, hutokea zaidi: kati ya mwezi wa pili na wa nne. Akishavuka miezi sita, hatari hupungua sana.

Mwenye kituo cha kulelea watoto mchana, awe Kisenyi mjini Kampala, Bombo, Busia au Arua, anawapokea watoto katika kipindi kigumu kuliko vyote, kisha anawakabidhi kwa wasichana ambao hawajaambiwa lolote kuhusu usingizi wa mtoto zaidi ya "usimwamshe". Kuwafundisha ni lazima. Wenye vituo hukwama hapa: nani afundishwe, afundishwe na nani, na pesa iende wapi. Njia zinazopatikana kwetu ni nne. Nitaziweka pamoja, ila sitajifanya naziona sawa.

Kwanza, tunataka mlezi ajue nini

Huwezi kupima mafunzo kama hujui yanapaswa kuacha nini mikononi mwa mtu. Kiini chake ni kifupi. Mtoto alazwe chali, kila usingizi, wa asubuhi na wa mchana, mpaka atimize mwaka. Asilazwe ubavu, maana kutoka ubavuni ni rahisi kuviringika na kuishia kifudifudi. Alale juu ya godoro gumu, tambarare, lenye shuka iliyobanwa vizuri, na pasiwe na kitu kingine: mto, blanketi zito, mwanasesere, wala yale matakia ya kuzungushia kitanda yanayouzwa kwa seti Kikuubo, soko la Kampala, yenye riboni. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matakia hayo mwaka 2022, pamoja na vitanda vya watoto vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Huku kwetu bado tunayafunga karatasi ya zawadi.

Kitanda kimoja, mtoto mmoja, hata kama ni pacha. Aliyesinzia kwenye kiti cha gari au kibembea ahamishiwe kitandani. Joto lipimwe kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma. Mikono na miguu ya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Na kofia ya sufi ivuliwe ndani ya nyumba. Najua hili ni gumu. Mama wa Uganda anaweza kusahau nepi nyumbani lakini hasahau kofia, na mtoto huvishwa kofia hiyo saa saba mchana chini ya bati. Kichwa ndicho mtoto mchanga hutumia kupunguza joto la mwili, na joto la kupita kiasi limo katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vya Ulaya haviyagusi kabisa. Chandarua: mtoto wa Uganda hawezi kulala bila chandarua, malaria haina mzaha, lakini kikining'inia chini kikamgusa uso au kikaachia kamba ndani ya kitanda, kimeleta hatari nyingine. Kivutwe juu na kupachikwa chini ya godoro pande zote. Sigiri: moshi wa mkaa na ile hewa yake isiyo na harufu haviruhusiwi karibu na chumba cha kulala, hata siku ya mvua, hata "kwa dakika kidogo tu".

Kwa nini mlezi kuliko mama? Watafiti wa Marekani walipopitia vifo hivi miaka ya mwisho ya 1990, waliona kwamba karibu kimoja kati ya vitano kilitokea mtoto akiwa mikononi mwa mlezi. Theluthi moja ya hivyo ilitokea wiki ya kwanza ya mtoto kuwa hapo, na nusu ya vile vya wiki ya kwanza ilikuwa siku ya kwanza kabisa. Mtoto aliyezoea kulazwa chali nyumbani, halafu siku moja mgeni akamlaza kifudifudi, hatari yake inaweza kupanda hata mara 18. Kwa hiyo mafunzo yoyote yasiyozungumzia mtoto mgeni, wiki yake ya kwanza, na kumuuliza mama "huwa analalaje nyumbani?", yameruka sehemu yenye moto zaidi.

Kozi ya mjini

Hii ndiyo njia inayopendwa na wenye vituo, kwa sababu inaleta cheti na cheti kinatundikwa ukutani mzazi akaona. Unamchagua mlezi mmoja, unamlipia, anakwenda.

Angalia lakini anakwenda kujifunza nini. Mafunzo mengi ya walezi na walimu wa chekechea hapa nchini yamejengwa juu ya mtoto wa miaka 3 hadi 6. Mwongozo wa taifa wa ujifunzaji wa awali wa mwaka 2005 ulitungwa kwa umri huo. Mlezi atarudi akijua kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vizibo vya chupa na nyimbo za kuhesabu, mambo mazuri sana, na huenda usingizi wa mtoto wa miezi mitatu haukutajwa hata mara moja. Omba ratiba ya kozi kabla hujalipa, utafute humo neno usingizi. Usipoliona, hiyo ni kozi nzuri ya jambo jingine.

Kozi ya huduma ya kwanza ni habari nyingine. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda hutoa mafunzo hayo, na mlezi anayejua kumfufua mtoto mchanga, kubonyeza kifua mara 30 na kupuliza pumzi mbili bila kupoteza muda, ana thamani kubwa. Nisingependa kituo kisiwe na mtu huyo hata mmoja. Ila hayo ni mafunzo ya dakika ambayo mambo yameshaharibika, na hayachukui nafasi ya kumlaza vizuri tangu mwanzo.

Kasoro kubwa ya kozi ya mjini inaonekana mwenye cheti akishaondoka. Yaya mwenye karatasi ana bei. Kituo cha Ntinda au Kololo, mitaa ya wenye pesa Kampala, kitampa zaidi ya unachompa wewe, naye ana haki ya kwenda. Elimu iliyokaa kwenye kichwa kimoja inapanda naye boda.

Mkunga wa kituo cha afya cha jirani

Vituo vya afya vya daraja la tatu Uganda vina huduma ya kuzalisha, maana yake wapo wakunga, na karibu kila mtaa una mmoja anayejulikana kwa jina. Unazungumza na mkuu wa kituo, mnakubaliana siku yenye utulivu, mchana, wakati watoto wamelala, anakuja kwako. Unalipa nauli na asante ya maana. Saa tatu zinatosha.

Nilikaa katika mafunzo ya aina hii kwenye kituo kimoja cha Kisenyi. Sista, ndivyo tunavyomwita mkunga, hakuja na kompyuta. Alikuwa na mwanasesere wa plastiki, mirija miwili ya kunywea soda, na bomba la sindano lisilo na sindano, lenye maji. Hakusalimia kwa hotuba. Alimpa kila mlezi mwanasesere kwa zamu akasema: mlaze. Karibu wote walimlaza ubavu na kumwegemezea leso iliyokunjwa mgongoni. Mlezi mmoja wa makamo, ambaye kituo kizima humwita Jaja, yaani bibi, alimlaza kifudifudi na kumpapasa mgongo polepole.

"Jaja, mbona umemlaza hivyo?"

"Mwanangu, akicheua akiwa chali si atapaliwa? Mimi nimelea saba hivi hivi, na wote ni watu wazima."

Sista hakuwagusa wale saba. "Hata mimi, Jaja, mwalimu wangu alinifundisha ubavu. Shika hapa nikuonyeshe." Akampa mirija miwili, mmoja juu ya mwingine, kama njia ya hewa na njia ya chakula zinavyopangana shingoni mtoto akiwa chali: ya hewa juu, ya chakula chini. Akadondosha maji kwenye mdomo wa mrija wa chini. Yakabaki chini, maana maji hayapandi mlima. Kisha akaipindua yote miwili, mtoto amelala kifudifudi sasa, na njia ya hewa ikawa chini ya ile ya chakula. Matone yakaanguka pale pale kwenye mlango wa hewa. Jaja akaichukua mirija akafanya mwenyewe, akarudia, hakusema neno. Halafu akauliza swali la mtu anayelea kweli: "Sawa, lakini chali hashtuki-shtuki? Halali, huyu."

Ni kweli, sista akamjibu, chali mtoto huamka kwa urahisi zaidi, na kuamka huko ndiko kunakomlinda. Kifudifudi usingizi huwa mzito, hewa ikipungua mwili unachelewa kushtuka. Tunachokisifu kuwa usingizi mzuri ndicho kinachotutia wasiwasi.

Nilimtazama mama mwenye kituo. Alikuwa anaandika.

Mpishi alikuja mlangoni akifuta mikono, akaambiwa arudi jikoni, haya si yake. Sista akauliza, "Nyinyi mkienda kula, nani hubaki na watoto?" Kila mtu akamtazama mpishi. Akaitwa ndani, akapewa mwanasesere, akamlaza na kumfunika shuka mpaka kidevuni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dakika iliyolipa mafunzo yote, na hakuna kozi ya mjini ambayo ingemfikia yule mama.

Baadaye wakaingia chumba cha watoto wenyewe. Chandarua kimoja kilikuwa kinagusa nyusi za mtoto. Kitanda cha pembeni kilitengenezwa na seremala, mbao nzuri, lakini nafasi kati ya fito ilikuwa pana. Kipimo rahisi ni kopo la soda: likipita kati ya fito, mwili wa mtoto nao unaweza kupita, na kichwa kikanasa. Viwango vya Ulaya vinataka nafasi hiyo isizidi sentimita 6.5, vya Marekani sentimita 6. Ukiagiza vitanda kwa maseremala wa Nsambya, mpe fundi vipimo hivyo kwa maandishi. Na kama umenunua kitanda cha mtumba kilichotoka nje, tazama kama ubavu wake mmoja unashuka na kupanda. Vya namna hiyo Marekani iliacha kuruhusu viuzwe mwaka 2011, baada ya watoto kunaswa, na sioni kwa nini sisi tuviokote.

Hatari ya njia hii lazima niitaje. Wapo wakunga wanaofundisha kile walichofundishwa wakiwa chuoni. Mpaka miaka ya 1980 madaktari wa nchi nyingi walikuwa wanashauri kifudifudi. Uingereza ilibadilika mwaka 1991, Marekani ikaanza kampeni yake mwaka 1994, na vifo vya namna hii vikashuka kwa zaidi ya nusu kwa kuwageuza tu watoto. Habari hiyo haikufika kila chuo wala kila wodi. Mkunga anayemlaza mtoto ubavu wodini atamfundisha yaya wako ubavu, naye atakuwa ameliwekea jambo hilo muhuri wa serikali. Kwa hiyo mpime kwanza. Maswali ya kumpima yapo mwishoni.

Masomo ya simu

Yapo mengi, ya bure na ya kulipia, kutoka Marekani, Uingereza na Australia. Baadhi ni mazuri mno, yana picha, na mtu anaweza kuyarudia usiku. Kwa mwenye kituo au mlezi mkuu anayesoma Kiingereza bila taabu, nayapendekeza bila kusita, kwa sababu yatampa majibu ya kumjibu bibi wa mtoto atakapokuja kulalamika kuwa mjukuu wake atapata kisogo bapa. Jibu ni kwamba alazwe kifudifudi akiwa macho, mtu akimtazama, dakika chache chache mara kadhaa kwa siku, shingo ipate nguvu. Kifudifudi ni cha mchezo, si cha usingizi.

Kwa walezi wa kawaida, simu inawaangusha. Karibu yote ni Kiingereza. Yanazungumzia vyumba vyenye mitambo ya kupasha joto na mifuko ya kulalia yenye zipu, wala hayajui mkeka, chandarua, sigiri, au watoto watano kwenye godoro moja la sponji. Data nayo ni ghali. Tangu Julai 2021 inatozwa kodi ya asilimia 12. Utamwambia yaya atazame video ya dakika 40 kwa bando lake, atakuambia ameitazama. Na hata akitazama kweli, mikono yake haijagusa kitu.

Yaya mkongwe kumfundisha mgeni

Hii ndiyo njia inayotumika kila mahali, hata pale ambapo mwenye kituo anadhani hatumii njia yoyote. Msichana mpya anafika Jumatatu, anatazama wenzake, Jumanne anafanya kama wao. Haina gharama, haina kizuizi cha lugha, na inafanyika pale pale kitandani. Kwa nguvu ya kufundisha, sijaona inayoishinda.

Ubaya wake ni kwamba inafundisha chochote kilichopo. Kama Jaja analaza kifudifudi, baada ya mwezi mmoja kituo kizima kinalaza kifudifudi, na hakuna atakayekumbuka kilianzia wapi. Ikitangulia yenyewe, ni hatari. Ikija baada ya mafunzo sahihi, ndiyo inayoyahifadhi. Jaja wa Kisenyi, baada ya ile mirija, ndiye sasa anayewashika mkono wasichana wapya, na wanamsikiliza yeye kuliko wangemsikiliza sista.

Ukiziweka bega kwa bega

Anza na watu wanaofikiwa. Kozi inamfikia mmoja, simu inamfikia anayejua Kiingereza, mkunga anamfikia kila aliyepo siku hiyo, yaya mkongwe anamfikia kila atakayekuja baadaye. Mimi ningehesabu kila mkono unaoweza kumlaza mtoto: mlezi, mpishi, mfagiaji, msichana wa zamu ya Jumamosi, na mwenye kituo mwenyewe. Njia inayoacha mikono miwili nje imeacha mlango wazi.

Lugha ni jambo ambalo watu hulidharau. Katika kituo kimoja cha karibu na kambi unaweza kumkuta mlezi Mnubi, mwingine ametoka Kongo, mwingine Mganda, mwingine Mwacholi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, cha kuunga-unga lakini kinaeleweka. Kozi za mjini na simu zinakuja kwa Kiingereza. Mkunga wa jirani atachanganya Kiswahili na Kiganda mpaka kila mtu atikise kichwa, na asiyeelewa atauliza bila aibu kwa sababu yuko nyumbani.

Kuhusu gharama, kozi ni ghali kuliko ada yake inavyoonyesha, maana siku anazokosekana yule mlezi, wenzake wanabaki na watoto wengi kupita kiasi. Mkunga ni nauli, asante na soda. Simu ni bando. Njia ya nne ni bure, ila unailipa kwa muda wa kuisimamia.

Halafu kuna swali la miezi mitatu baadaye, na hapa njia zote nne zinalegea zikiachwa peke yake. Mei 2022, katika kituo cha watoto karibu na Manchester, Uingereza, mtoto wa miezi tisa alifungwa kifudifudi kwenye mto mkubwa wa kukalia, akafunikwa blanketi, akaachwa hivyo zaidi ya saa moja na nusu. Alifariki. Aliyemfunga alikuwa naibu meneja wa kituo, na mwaka 2024 alihukumiwa miaka 14 jela. Hiyo ni nchi iliyokuwa imefundisha watu wake kulaza watoto chali kwa miaka 30. Maarifa yalikuwepo kila upande wa ukuta ule. Aliyekosekana ni mtu wa kusogea pale alipolala na kumtazama.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, ongeza karatasi ya usingizi ukutani: jina la mtoto, saa aliyolala, nani alimlaza, na alama ya kila dakika 10 mtu aliposogea, akatazama kifua kinapanda na kushuka, akatazama rangi ya midomo. Kutazama kutoka mlangoni hakuhesabiwi. Wengine watakushauri ununue vifaa vya kielektroniki vya kupiga kengele mtoto akiacha kupumua. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakishauri kuvitegemea kama kinga ya vifo hivi, na umeme wetu unajulikana.

Kituo gani, njia gani

Kituo kidogo cha mtaani, walezi watatu hadi sita, chumba kimoja cha kulala: mlete mkunga, mmoja, nusu siku, kila mtu awepo, kisha mchague yaya mkongwe aliyeelewa vizuri awe mwalimu wa wageni, na umwongezee kitu kidogo kwa kazi hiyo. Mrudishe mkunga wafanyakazi wakibadilika. Usitumie pesa kwenye kozi ya mjini mpaka hayo yamekamilika.

Kituo kikubwa chenye vyumba vya watoto vya umri tofauti: vivyo hivyo, na juu yake mlezi mkuu apate kozi ya huduma ya kwanza na masomo ya simu, ili awe na la kusema mbele ya wazazi. Hapa kozi inalipa, kwa sababu yupo mtu ambaye kazi yake ni kusimamia wengine.

Mama anayelea watoto wawili watatu wa majirani nyumbani kwake, na hao ndio wengi kuliko vituo vyenye mabango: asihangaike na kozi yoyote. Siku ya chanjo aende na swali lake kliniki, aombe kuonyeshwa. Au akina mama watatu wa namna hiyo wachange nauli ya sista mmoja.

Na kama wewe ni mzazi unayechagua kituo, usiulize kama walezi wana vyeti. Fika saa saba mchana bila kupiga simu, uombe kuingia chumba cha kulala.

Maswali ya kumpima mkufunzi kabla hujamlipa

La kwanza: mtoto aliyecheua baada ya kunyonya, nimlazeje? Jibu unalotaka ni kwamba umbebe wima kidogo mpaka atoe hewa, kisha umlaze chali kama kawaida. Kitanda hakiinuliwi upande wa kichwa.

La pili: mtoto wa miezi sita niliyemlaza chali amejigeuza mwenyewe kifudifudi, nifanye nini? Kama tayari anaweza kujigeuza kwenda na kurudi, mwache, mradi ulianza kwa kumlaza chali na kitandani hamna kitu. Kama bado hawezi kurudi mwenyewe, mgeuze. Na aliyeanza kuonyesha dalili za kujigeuza asifungwe tena kwa leso mikono ikiwa ndani. Mkufunzi anayesema lazima uwageuze wote usiku kucha hajawahi kulea. Anayesema haidhuru kwa wote hajasoma.

La tatu: mtoto mwenye mafua, anayekoroma kwa pua kuziba, alale upande gani? Chali. Sista wa Kisenyi alijibu hilo kabla sijamaliza kuuliza. Wako akisema ubavu, mshukuru, mpe nauli yake ya kurudi, umtafute mwingine.